Sentro laini ya shingoni kwa altrasaundi: unasimama wapi, na mashine unaiweka wapi?

#1 Mtulinga

Wakuu salaam.

Naleta hoja kuhusu sentro laini, ule mrija (katheta) unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mnipige mawe kwa adabu. Wengi wanaokosa mshipa wa jugula, ile vena kubwa ya shingoni, huku altrasaundi inawaka mbele ya watu, shida si mikono yao. Shida ni pale waliposimama na pale walipoegesha mashine.

Angalia wodini kwenu. Mgonjwa amelala chali, daktari yuko kichwani, mashine iko ubavuni mwake au nyuma kabisa ya bega. Probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachogusa ngozi, kashika kwa kushoto, sindano kwa kulia, halafu anageuza shingo kutazama skrini. Akirudisha macho kwenye sindano, mkono wa probu umeshateleza. Akigeuka tena, picha haipo. Kinachofuata ni kubahatisha kwenye shingo ya mtu.

Msimamo wangu: kwa jugula ya kulia simama kichwani, mashine ikae upande huohuo wa kulia, usawa wa kiuno cha mgonjwa, skrini ikutazame usoni. Macho, sindano na skrini vipangane mstari mmoja. Hapo unainua macho tu, shingo haigeuki. Kwa paja, simama ubavuni upande unaochoma, mashine ivuke ng'ambo ya kitanda. Chini ya mtulinga nako vivyo hivyo, mashine ng'ambo.

Anayebisha aje na sababu.

#2 Kipasua

Siti ya mbele.

#3 Mzee_wa_Ganzi

Kijana, hayo ni ya chumba cha upasuaji chenye nafasi. Njoo ICU, wodi ya mahututi. Kichwani kuna ukuta, mashine ya kupumulia, pampu za dawa zimepangana, na kile kibao cha kitanda ambacho hakijawahi kung'oka tangu kinunuliwe. Kiunoni upande wa kulia kuna chupa ya maji ya kifuani na mfuko wa mkojo. Unaniambia mashine ikae hapo. Ikae juu ya nani?

#4 Sista_wa_Zamu

Naungana na #3, na naongeza ambalo madaktari hamlitaji. Mashine haikai mnapotaka ninyi, inakaa penye soketi. Betri ilishakufa kitambo. Waya wake mfupi, na ekstensheni imeazimwa na wodi ya wazazi. Kwa hiyo mstari wenu wa macho unapangwa na fundi umeme aliyejenga jengo.

#5 Mtulinga

Sista umenimaliza, hahaha. Lakini hilo la soketi linatatuliwa kabla ya kunawa. Ninachokiona mimi ni mtu anavaa gauni na glovu kwanza, anatandaza shuka, ndipo anagundua skrini haioni. Ameshakuwa steraili, yaani safi bila vijidudu, hagusi kitu. Anaona aibu kumwita mtu asogeze mashine, anaamua kukunja shingo. Washa mashine, chungulia shingo zote mbili, panga chumba, ndipo ukanawe.

#6 Picha_na_Mwangwi

Mnaijadili mashine, alama ya probu, ile ya ubavuni mwake inayolingana na upande mmoja wa skrini, hakuna anayeitaja. Mimi ni wa idara ya mionzi. Tulivyofundishwa, alama ya probu inaelekea kulia kwa mgonjwa, na kulia kwa mgonjwa kunaonekana kushoto mwa skrini. Daima. Watu wa sentro laini mnasimama kichwani mnaigeuza, halafu mnashangaa sindano inakwenda kusikotarajiwa.

#7 Mzee_wa_Ganzi

Hapana bwana. Ukisimama kichwani unatazama miguuni, kulia kwa mgonjwa ni kulia kwako. Ukifuata kanuni yenu, mkono unasogea kulia na sindano kwenye skrini inakwenda kushoto. Ni kurudisha gari nyuma kwa kioo bila kuzoea kioo. Kwa anayesoma picha baadaye ofisini, kanuni yenu sawa. Kwa anayechoma sasa hivi, alama ielekee kushoto kwake yeye mwenyewe, popote aliposimama. Kabla ya kuchoma gusa ukingo mmoja wa probu kwa kidole, uone upande gani wa skrini unatikisika. Mjadala umeisha.

#8 Picha_na_Mwangwi

Haujaisha. Ukihamia pajani je?

#9 Mtulinga

Pajani umesimama ubavuni unatazama kichwani. Kushoto kwako sasa ni kulia kwa mgonjwa, kwa hiyo kanuni ya ganzi na kanuni ya mionzi zinakutana na wote mnakunywa chai meza moja.

Tena kuna jambo tamu hapa. Shingo ya kulia, ukiwa kichwani: karotidi, ateri ya shingo, iko ndani kuelekea koo, jugula nje kuelekea bega, kwa hiyo vena inaangukia kulia mwa skrini. Paja la kulia, ukiwa ubavuni: sasa ateri ndiyo iko nje na vena iko ndani, lakini kwa kuwa nawe umegeuka, vena inaangukia tena kulia mwa skrini. Ukihamia upande wa kushoto wa mgonjwa, shingo na paja vyote vinageuka pamoja. Chukua karatasi uchore.

#10 Kipasua

Nimechora, ni kweli. Nimechora tena, nimepata kinyume. Naenda kulala.

#11 Dokta_wa_Mapokezi

Kulia kushoto achaneni nako, mtaua watu. Bonyeza probu kidogo: vena inalala, ateri inadunda tu inakutazama. Una Dopla ya rangi, ile inayoonyesha damu inavyotembea, itumie. Jugula kwa watu wengine imekaa juu kabisa ya karotidi, hakuna cha kulia wala kushoto.

Na hapa ndipo ninapompinga mtoa mada. Aliyekaa vibaya mara nyingi si daktari, ni mgonjwa. Mtu anamgeuza mgonjwa kichwa mpaka kidevu kinakaribia bega. Ukivuka digrii 45 unazidi kuuleta mshipa juu ya karotidi, na sindano ikipenya ukuta wa nyuma inajua pa kwenda. Geuza kidogo tu, digrii 30 zinatosha, wengine hawahitaji hata hizo. Halafu mlaze kichwa chini digrii 10 hadi 15 mshipa ujae. Hiyo pia ndiyo kinga yako hewa isinyonywe kuingia ndani pale unapotoa bomba la sindano. Haya usipoyafanya, hata ukiwekewa skrini ya sinema utakosa.

#12 Mzee_wa_Ganzi

Kitanda kipi hicho kinachoinama digrii 15? Chetu mpini wa kuzungusha haupo.

#13 Sista_wa_Zamu

Tunaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni. Daktari akija anakuta kitanda kimeshainama. Hakuna anayeuliza matofali yametoka wapi.

#14 Katheta_ya_Kaunti

Habari zenu, nawasalimu kutoka Kenya. Niko kitengo cha figo kwenye hospitali ya kaunti. Tangu vile vifaa vya mpango wa serikali wa kukodisha vifaa tiba wa 2015 vilipoletwa kaunti, dialisisi (kusafisha damu) haingoji tena safari ya Nairobi, na katheta zenyewe sisi ndio tunaziweka. Hizi si nyembamba kama za ICU. Unene wake hupimwa kwa Fr: Fr 3 ni milimita 1, kwa hivyo Fr 12 ni milimita 4 za upana. Dilata ya hiyo, kile kipande cha kutanulia njia, ikiingia kwa karotidi, si mchezo.

Wote mmezungumza vizuri lakini mmeacha urefu wa kitanda. Kitanda kikiwa chini, unainama, kiwiko kinaelea hewani, mkono wa probu unachoka. Mkono uliochoka hubonyeza bila mwenyewe kujua. Vena inafungika kwa skrini, wewe unasema mgonjwa hana maji mwilini, unaongeza drip. Kumbe ni mkono wako. Inua kitanda mpaka kiwiko kipinde karibu digrii 90, halafu ukingo wa kiganja chenye probu uulaze juu ya mgonjwa, kwa mtulinga ama kwa taya. Mkono ukiwa na mahali pa kutua, picha haitembei.

Nimeona skrini ikiwa imepangwa vizuri kabisa na mtu bado anakosa, kwa sababu ya hiyo tu.

#15 Mfupi_wa_Theta

Asante #14. Sasa sisi wafupi tusemeje? Bingwa wetu ana urefu wa mlingoti, anapandisha kitanda kwa kipimo chake, anaanza, anaitwa dharura nyingine, ananiachia mimi. Matofali ya Sista yapo chini, kitanda kiko juu, mimi naona pua ya mgonjwa tu.

#16 Sista_wa_Zamu

Stuli ya kupandia ipo chini ya sinki. Huwa hamuulizi.

#17 Mtulinga

#11 na #14, sipingi hata moja, ila mnanithibitishia. Kichwa cha mgonjwa kikigeuzwa sana ni kwa nini? Kwa sababu daktari hakukaa kichwani sawasawa, kasimama pembeni kwenye kona baina ya ukuta na kitanda, anaivuta shingo imfuate. Mkono ukibonyeza ni kwa nini? Kwa sababu kiwiliwili kimejipinda kuifuata skrini. Rudini kwenye asili.

#18 Dokta_wa_Mapokezi

Yaani kila ugonjwa dawa yako ni moja. Umekuwa mganga wa kienyeji.

#19 Mzee_wa_Ganzi

Niwape historia kidogo mpoe. Mwaka 1929, mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipenyezea mrija kwenye mshipa wa mkono wake wa kushoto mpaka moyoni. Akatembea na mrija wake hadi chumba cha eksirei. Skrini haikuwa inamtazama, muuguzi akamshikia kioo ndipo akaona ncha imefika wapi. Hakuwa na kitanda cha kuinama wala mashine ya kuegesha kiunoni. Akapata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyohiyo, mwaka uleule.

#20 Katheta_ya_Kaunti

Mzee, kwa heshima zote, Nobel ilikuja 1956, na alishirikishwa na Cournand na Richards. Hiyo 1929 malipo yake yalikuwa kugombana na wakubwa wake kazini. Mrija wenyewe ulikuwa wa njia ya mkojo.

#21 Mtulinga

Na kioo! Msikipite kile kioo. Mtu ana mrija moyoni mwake na bado jambo la kwanza analotafuta ni namna ya kuiona skrini. Mzee umenisaidia bila kutaka.

#22 Mzee_wa_Ganzi

1956, sawa. Ujana una mdomo. Hata hivyo sisi tulichoma miaka kwa alama za mwili: ile pembetatu ya misuli miwili ya shingo, karotidi chini ya vidole vya kushoto, sindano inaelekea chuchu ya upande uleule. Uingereza walitoa mwongozo wa kutumia altrasaundi kwa jugula mwaka 2002. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaishi.

#23 Dokta_wa_Mapokezi

Walioishi ndio wanaosimulia, mzee wangu.

#24 Ncha_Iko_Wapi

Nimefuatilia tangu mwanzo. Naona wote mnazunguka mbuyu.

Ukikata mshipa kwa upana, yaani probu imelala kuuvuka mshipa, sindano huioni, unaona nukta nyeupe. Nukta hiyo inaweza kuwa ncha, inaweza kuwa katikati ya shina la sindano wakati ncha imeshapita ukuta wa nyuma. Skrini iwe usoni, iwe kisogoni, nukta ni ileile. Watu wanaogonga karotidi na altrasaundi mkononi wengi wamedanganywa na nukta.

Hesabu yake si ngumu. Mshipa uko kina cha sentimita 1.5? Ingia sentimita 1.5 nyuma ya probu kwa digrii 45, sindano itakutana na mwale wa altrasaundi palepale kwenye mshipa. Kisha usisukume tu. Sogeza probu mbele kidogo mpaka nukta ipotee, sukuma sindano mpaka nukta irudi, sogeza tena. Probu inatangulia, ncha inafuata. Ukishaiona nukta ndani ya mshipa, endelea hivyohivyo kidogo ili ncha ikae ndani kweli.

Wanaopenda kukata kwa urefu, probu ikiufuata mshipa, wanaiona sindano nzima, ila hapo mwili wako ndiyo lazima uwe nyuma kabisa ya mstari wa probu. Ukisimama kiupande milimita chache zinakutoa kwenye mwale na hujui. Halafu shingo fupi haina nafasi ya kulaza probu kwa urefu.

#25 Picha_na_Mwangwi

#24 ndiye aliyeongea leo. Nyongeza: kukata kwa urefu hakukuonyeshi karotidi iliyo pembeni. Unaweza kuwa na picha nzuri sana ya mshipa usio wenyewe. Anza kwa upana, utambue kipi ni kipi, ndipo uzungushe probu.

#26 Shoto

Samahani, na sisi wa mashoto? Probu naishika kulia, sindano kushoto. Kila mafunzo ninayohudhuria picha ni za watu wa kulia. Nimejaribu kuegesha mashine kiunoni kushoto kwa mgonjwa wakati nachoma jugula ya kulia. Naona vizuri, lakini nikitaka kuchukua waya wa kuongozea katheta kwenye trei, trei iko upande wa mkono wa probu.

#27 Mtulinga

Trei inafuata mkono wa sindano, siku zote. Waya utaushika kwa mkono uleule, na mkono mwingine hautakiwi kuvuka juu ya shingo. Mashine kiunoni kushoto au kulia kwako si tatizo, mradi usigeuze shingo. Wapo mashoto wanaojifunza kuchoma kwa kulia ili wasihangaike na vyumba vya watu, wengine wanakataa katakata. Mimi sina upande kwenye hilo.

#28 Mzee_wa_Ganzi

Mimi ninao. Choma kwa mkono unaoshikia kijiko.

#29 Sista_wa_Zamu

Mmemaliza? Haya, mimi nina langu ambalo mistari yenu ya macho haijaligusa.

Monita ya moyo iko wapi? Ukutani, juu ya kichwa cha kitanda. Daktari akisimama kichwani kama mnavyoelekezana, monita ameipa mgongo. Anaingiza waya, macho yamebaki kwenye waya, skrini ya altrasaundi hana haja nayo tena. Waya ukigusa moyo, mapigo yanaanza kurukaruka. Nani anaona? Mimi niliyesimama miguuni. Mara ngapi nimesema "Dokta rudisha waya" na dokta anauliza "kwani kuna nini?"

Kwa hiyo kabla hamjaanza, pandisheni sauti ya monita, na mseme nani anaitazama. Msiniachie bila kuniambia, maana huenda nimetumwa kuleta nyuzi za kushonea.

#30 Dokta_wa_Mapokezi

Sista apewe uzi wake. Hii ya monita sijawahi kuisikia kwenye mafunzo yoyote, na ni kweli kabisa.

Na kwa kuwa mmefika kwenye waya: kabla ya dilata, rudisha probu uutazame waya ndani ya vena kwa upana na kwa urefu, ushuke nao chini kuelekea kifuani. Damu nyeusi isikudanganye kuwa uko kwenye vena, mgonjwa wa presha iliyoshuka na oksijeni duni hata ateri yake ni nyeusi. Ikitokea dilata au katheta nene imeshaingia ateri, USIVUTE. Iache, mwite daktari wa upasuaji wa mishipa. Kuvuta na kubonyeza shingo ndiko kunakoleta kiharusi na shingo kuvimba mpaka njia ya hewa inazibwa.

#31 Binti_wa_Mama

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa afya, nimeingia kwa kutafuta. Mama yangu anasafishwa damu. Mrija wa shingoni kulia umeziba, wanasema watahamia kushoto. Anko wangu anasema huko alikokuwa yeye waliweka chini ya bega, hauonekani, na mtu anavaa nguo vizuri. Kwa nini mama wasimwekee huko?

#32 Katheta_ya_Kaunti

Pole sana dada, na mama apone. Chini ya mtulinga ni mahali pazuri kwa katheta nyingine. Kwa ICU kuna utafiti wa Ufaransa wa 2015 uliolinganisha sehemu zote tatu, na chini ya mtulinga palikuwa na maambukizi na damu kuganda kidogo zaidi, ingawa mapafu kutobolewa kulizidi. Lakini kwa mgonjwa wa dialisisi tunaogopa mshipa huo kupata kovu na kuwa mwembamba. Ukishakuwa hivyo, fistula ya mkono wa upande ule, yaani vena iliyounganishwa na ateri kwa upasuaji ili itumike kusafishia damu, inaharibika, na fistula ndiyo mama atakayoitegemea miaka. Ndiyo maana shingo ya kulia huwa ya kwanza, njia yake kuelekea moyoni imenyooka. Kushoto kuna kona, kwa hivyo katheta huwa ndefu zaidi, kama sentimita 20 badala ya 15. Waulize madaktari wake fistula imepangwa lini. Hilo swali lina uzito kuliko la mrija.

#33 Binti_wa_Mama

Nashukuru. Fistula hakuna aliyetuambia. Naenda kuuliza kesho.

#34 Kipasua

Nimeamka. Bado mnabishana alama ya probu?

#35 Muscat_Nesi

Salaam kutoka Muscat. Huku nipo kwenye timu ya mirija ya mkononi, ile inayoingilia mkono wa juu mpaka karibu na moyo. Nawasoma nacheka, maana sisi tunakaa. Stuli ya magurudumu, mkono wa mgonjwa umefunguliwa pembeni karibu digrii 90 na mwili, mashine ng'ambo ya mgonjwa inatazamana nami. Mgongo hauumi. Tangu nianze kukaa mikono yangu imetulia. Kwa nini ICU mnang'ang'ania kusimama?

#36 Mzee_wa_Ganzi

Kwa sababu mgonjwa wako anaongea nawe kuhusu bei ya nyama, wangu anakufa. Lazima niweze kuruka.

#37 Ncha_Iko_Wapi

Mzee, kukaa hakukuzuii kuruka. Ila shingoni kuna tatizo la kweli: ukikaa, macho yanashuka usawa wa mgonjwa, na skrini iliyo kiunoni inafichwa na kifua na shuka. Labda skrini ipandishwe. Kwa mkono inakubali, kwa shingo nina shaka.

#38 Intani_Mkavu

Sisi tuna probu ya kuchomeka kwenye simu. Hakuna habari ya soketi wala kuegesha. Simu naiweka kifuani kwa mgonjwa juu ya shuka, ndani ya mfuko safi wa plastiki. Probu naivalisha glovu ya steraili yenye jeli ndani, nafunga na mpira. Skrini iko sentimita chache tu kutoka kwenye sindano. Mtulinga, je, mstari wako umetimia?

#39 Mtulinga

Umetimia kuliko wa kwangu. Ila skrini ni ndogo na imelala chali, taa ya dari inang'aa juu yake. Itundike kwenye stendi ya dripu ikutazame. Na glovu uikague isiwe na hewa chini ya probu, utaona giza ukadhani simu imekufa. Jeli ya nje ya glovu nayo iwe steraili, isiwe ile ya chupa kubwa.

#40 Sista_wa_Zamu

Na aweke simu hali ya ndegeni. Juzi hapa sindano imo shingoni, skrini ikaandika "Baba Mwenye Nyumba anapiga". Mgonjwa aliyekuwa macho ndiye aliyesema pokea tu dokta.

#41 Mfupi_wa_Theta

😂😂😂 Kodi haina ICU.

#42 Picha_na_Mwangwi

Turudi kwenye mada. Kuna mgonjwa ambaye hamjamtaja: moyo umeshindwa, anapumua kwa shida, ukimlaza chali anazama. Hapo kichwa chini digrii 15 ni ndoto. Mnasimama wapi?

#43 Dokta_wa_Mapokezi

Kwa huyo mshipa wa shingo mara nyingi umejaa wenyewe, hauhitaji kulazwa chini. Nainua mgongo wa kitanda kadiri anavyovumilia, naweka probu. Kama jugula imejaa nachoma hivyohivyo, nimesimama ubavuni karibu na bega kwa sababu kichwani siufikii. Hapo mashine nahamishia ng'ambo. Hewa kunyonywa ni hatari zaidi akiwa ameinuka, kwa hiyo kidole kinaziba kila tundu, muda wote. Ikishindikana, paja. Kwa katheta ya dialisisi ya paja chukua ndefu, isiwe ile ya shingoni, vinginevyo damu inazunguka palepale.

#44 Mzee_wa_Ganzi

Ubavuni, shingoni? Na alama ya probu unaelekeza wapi?

#45 Dokta_wa_Mapokezi

Kushoto kwangu. Kanuni yako mwenyewe, mzee.

#46 Picha_na_Mwangwi

Na kushoto kwako hapo ni kulia kwa mgonjwa. Karibu idara ya mionzi.

#47 Mtulinga

Inategemea anatazama kichwani au ng'ambo. Akitazama kichwani, mionzi wameshinda. Akitazama ng'ambo ya kitanda, kushoto kwake ni kichwani ikiwa amesimama kulia kwa mgonjwa, na miguuni ikiwa amesimama kushoto. Hapo kukata kwa upana kunamlazimu akunje kifundo cha mkono. Ndiyo maana sipendi ubavuni kwa jugula.

#48 Kipasua

Mnachora bila karatasi sasa. Nimekata tamaa rasmi.

#49 Nesi_wa_Watoto

Swali moja kabla uzi haujafungwa. Kwa mtoto mchanga, shingo yenyewe haitoshi hata probu. Mnasimama wapi?

#50 Ncha_Iko_Wapi

Kichwani palepale, kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega ili shingo ifunguke, probu ndogo ya masafa ya juu. Wengi siku hizi wanaacha jugula wanaweka probu juu ya mtulinga na kuutazama kwa urefu ule mshipa mkubwa unaokusanya wa mkono na wa shingo, hasa wa kushoto. Sindano unaiona yote inavyoingia. Ila hilo lina mambo yake mengi, fungua uzi mpya nitakuja.

#51 Nesi_wa_Watoto

Naufungua leo jioni nikitoka zamu. Sista wa Zamu usikose.

#52 Sista_wa_Zamu

Nipo. Nani ana ekstensheni yetu?